Gari Linalosita Mlimani Lipimwe Mlimani

Hotuba kwa mafundi na wenye magari, Nakuru

Wazee wetu wa gereji, mafundi vijana, kina mama na kina baba wenye magari, nanyi wanafunzi wa vyuo vya ufundi: hamjambo. Asanteni kwa kuacha kazi katikati ya juma. Najua kila fundi aliyeketi hapa ameacha gari kwenye jeki na mteja anayepiga simu.

Nimeombwa nizungumzie ugonjwa mmoja tu wa magari ya kasi, na nyote mnaujua. Impreza, yaani Subaru ndogo, yenye turbo, kile kifaa kinachoshindilia hewa ndani ya injini, inawaka vizuri asubuhi. Ikisimama inaunguruma bila shida. Kutoka mtaa wa Section 58 hadi mjini, mwenyewe hana malalamiko. Kisha anashika barabara ya kupanda, anakanyaga mafuta, na pale turbo inapoanza kusukuma, gari linasita. Linavuta, linakatika, linavuta tena. Wengine watakwambia linakohoa, wengine watasema linamisi. Akiinua mguu kidogo, gari linatulia.

Neno langu kwenu leo ni hili: ugonjwa unaojitokeza gari likiwa na mzigo hupimwa gari likiwa na mzigo. Gari likiletwa gereji tunafungua boneti likiwa limesimama. Hapo injini inahitaji hewa kidogo, mafuta kidogo, na moto wa plagi usio na kazi kubwa. Kila kitu kinaonekana kizima. Kwa kuwa hatujaona kosa, tunaanza kubahatisha: Jumatatu plagi, Jumatano koili inayoipa plagi umeme, Ijumaa pampu ya mafuta. Mteja analipa kila mara, na Jumamosi gari linasita palepale liliposita. Jambo hili linaniuma, kwa sababu nimewaona watu wakiuza magari mazima kwa bei ya kutupa baada ya kuchoka kununua spea ambazo hazikuhitajika.

Tuanze na mahali tulipo. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Presha ya hewa hapa ni takriban kilopaskali 81. Mombasa ni 101, na Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, ni kama 88. Kwa hiyo injini isiyo na turbo ikipanda kutoka Pwani hadi hapa, imeshapoteza karibu sehemu moja kati ya tano ya nguvu zake. Ukiendelea hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700, itapoteza zaidi. Huo si ugonjwa. Gari lililopungukiwa hewa kwa sababu ya mwinuko huwa zito sawasawa, tangu unapokanyaga hadi unapobadilisha gia. Halishtuki. Mteja akikwambia gari halina nguvu, muulize kwanza kama ni zito au linashtuka, kwa sababu njia za uchunguzi zinaachana hapo. Tena muulize kama mshale wa mizunguko unaruka bila mwendo kuongezeka. Ukiruka hivyo, tazama klachi au gia boksi, uiache injini.

Namba hiyo 81 ina faida nyingine. Washa swichi bila kuwasha injini, halafu usome kwenye skana, kile kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, sensa ya presha ya manifoldi, yaani njia ya hewa inayoingia kwenye injini. Hapa mjini isome 80, 81, 82. Ikisoma 100, sensa inadanganya, na kwenye magari yanayokadiria mafuta kwa sensa hiyo, kompyuta itamwaga mafuta ya Mombasa ilhali gari liko Lanet, hapa Nakuru. Ni kipimo cha dakika moja, hakigharimu kitu, na sijui kwa nini wengi wetu tunakiruka.

Sasa tuingie ndani ya silinda. Moto wa plagi ni umeme unaoruka pengo kati ya ncha mbili. Hewa inapobanwa zaidi, umeme unaohitajika kuruka pengo lilelile huongezeka. Gari likiwa limesimama, koili iliyochoka na plagi iliyolika bado humudu. Turbo ikishindilia hewa, umeme hushindwa kuruka, silinda moja hukosa moto, nawe kwenye kiti unahisi teke. Kwa Impreza nyingi za turbo pengo la plagi huwekwa kati ya milimita 0.7 na 0.8. Plagi iliyotembea sana hupanuka kupita hapo. Tumieni fila geji, vile vibamba vya kupimia pengo, msikadirie kwa jicho.

Ukishaitoa plagi, usiitupe kabla ya kuisoma. Igeuze kwenye mwanga uangalie kauri nyeupe. Ukiona mstari mwembamba mweusi, kama uliochorwa kwa penseli kutoka juu hadi kwenye chuma, umeme umekuwa ukitoroka hapo badala ya kufika kwenye ncha. Plagi hiyo haifai tena, na mpira wa koili yake una alama ya namna hiyohiyo kwa ndani, kwa hiyo ukibadilisha plagi peke yake ugonjwa utarudi. Halafu kumbukeni kwamba injini ya Subaru imelala, silinda mbili kila upande. Sili za mashimo ya plagi zikichoka, oili huingia na kukaa palepale zilipo koili. Koili ikitoka imelowa oili, anza na sili, maana koili mpya ukiirudisha kwenye oili itaharibika vilevile.

Kwa wenye Mazda RX-8, gari lililotengenezwa kati ya 2003 na 2012: injini yenu haina pistoni. Ina rota mbili, kila moja na plagi mbili, na koili nne kwa jumla. Koili hizo huchoka mapema, na kusita unapokanyaga mafuta ni dalili yake inayojulikana. RX-8 nyingi zimehukumiwa kuwa zimenoki, yaani injini imekufa, kabla mtu hajagusa koili. Mkifika kupima kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya injini, tafuteni kifaa cha injini ya rota. Geji ya pistoni haiwezi kukuonyesha kila uso wa rota peke yake.

Nije kwenye mafuta, mahali ambapo pesa nyingi za wateja hupotea. Kwa Impreza ya turbo, ukichomoa mpira wa vakyumu kwenye regyuleta, kifaa kinachodhibiti presha ya mafuta, geji ya mafuta isome karibu baa 3. Presha ya turbo ikipanda, regyuleta hupandisha ya mafuta kwa kiasi kilekile: turbo ikisukuma baa 1, mafuta yafike baa 4. Pampu dhaifu itakupa baa 3 zako kutwa nzima gari likiwa gereji. Ipeleke mlimani, itakwama njiani, na mafuta yatapungua wakati uleule injini inapoyahitaji zaidi. Kusita kwa namna hii ni kwa hatari. Mafuta yakiwa haba huku turbo inasukuma, joto hupanda na pistoni huvunjika kingo. Kwa hiyo gari likionyesha hivyo, mwambieni mwenyewe asilikanyage tena hadi litengenezwe.

Lakini geji ikishuka, msikimbilie kununua pampu. Ililetwa kwetu Impreza iliyokuwa imeshawekewa pampu mpya, na bado presha ilikuwa ikianguka mlimani. Tulifungua kiti cha nyuma, tukaunganisha mita kwenye soketi ya pampu, tukaenda nalo barabarani. Gari likivuta kwa nguvu zote, betri ilikuwa na volti 13.9. Pampu ilikuwa inapata 11.1. Karibu volti 3 zilikuwa zinapotea njiani.

Tulifuata waya hadi chini ya dashibodi, upande wa dereva. Hapo tulikuta swichi ya siri ya kuzuia wizi, ile ambayo magari mengi ya kasi hapa Kenya yamewekewa pamoja na alamu na traka. Waya wa pampu ulikuwa umekatwa, ncha zikasokotwa kwa mkono, zikazungushiwa utepe mweusi. Tulipoubandua utepe, shaba ilikuwa imegeuka kijani. Nyuzi chache tu ndizo zilizokuwa bado zimeshikana, na plastiki ya waya ilikuwa imelainika kwa joto hadi ikanata kwenye kidole. Gari likiunguruma tu, nyuzi hizo zilitosha. Pampu ikiitwa kufanya kazi yote, zilikuwa zinazuia umeme.

Tuliunganisha upya kwa solda, tukafunika kwa mpira unaobana ukipashwa moto, tukaweka rilei, swichi inayowashwa kwa umeme mdogo, ibebe umeme wa pampu ili swichi ya siri ibebe umeme mdogo wa kuamrisha rilei tu. Pampu ikapata volti zake, presha ikapanda pamoja na turbo, kusita kukaisha. Pampu ya kwanza, ile iliyotolewa ikatupwa, huenda ilikuwa nzima. Simwambii mtu aondoe swichi yake ya siri. Magari yanaibwa na swichi hizo zimeokoa mengi. Nasema waya wa pampu uunganishwe kwa heshima unayoupa waya wa breki.

Upande wa hewa nitawaomba subira, kwa sababu hapa ndipo watu huchanganyikiwa. Sensa ya hewa imekaa karibu na kisanduku cha filta. Inapima hewa inayopita, na kompyuta inamwaga mafuta kwa hesabu hiyo. Shida huanza hewa iliyopimwa inapokuwa si ile inayofika kwenye silinda. Mpira wa kabla ya turbo ukipasuka, hewa ambayo haikupimwa inanyonywa ndani, na mafuta yanakuwa haba. Mpira ulio kati ya turbo na throtoli, ule mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta, ukipasuka, gari likisimama huoni kitu chochote. Turbo ikisukuma, hewa iliyokwisha kupimwa inatoroka nje, mafuta yanabaki mengi mno, ekzosi inatoa moshi mweusi, plagi zinatoka na masizi. Na tundu likiwa baada ya throtoli, gari likisimama linanyonya hewa ya wizi, ile isiyopimwa, na mshale wa mizunguko unacheza, ila turbo ikisukuma hewa inatokea hapohapo. Pasuko la aina moja, dalili tatu tofauti, kulingana na mahali lilipo.

Pasuko hizi hujificha. Mpira unaounganisha intakula, kipoza hewa ya turbo, na throtoli hupasuka upande wa chini, mara nyingi kwenye ukingo wa klipu, mahali ambapo mkono haufiki bila kutoa intakula. Ukiubonyeza unaonekana mzima, kwa sababu ufa unajifunga presha isipokuwepo. Njia rahisi ni hii: ziba mdomo wa mpira wa hewa baada ya sensa kwa kifuniko chenye valvu ya tairi, ingiza hewa ya kompresa polepole, usizidi presha ambayo turbo yenyewe hutoa, halafu nyunyiza maji ya sabuni kwenye kila maungio. Utasikia mlio mdogo, kisha utaona povu likitambaa kutoka chini ya klipu. Mwite mwenye gari alione povu hilo kwa macho yake. Akishaliona, hatabishana nawe kuhusu bei ya mpira.

Sensa yenyewe huchafuka. Sisi tunaishi kwenye vumbi. Safari Rally iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, kaunti yetu ndiyo iliyoipokea kule Naivasha, na dunia nzima iliona jinsi vumbi la Soysambu linavyofunika gari zima. Vumbi hilo laini, sawa na lile jeupe la Kariandusi, hupita kwenye filta ya bei rahisi na kugandamana kwenye waya mwembamba wa sensa. Waya mchafu husoma hewa pungufu inapokuwa nyingi, na gari hukosa mafuta mlimani. Filta zile za kupakwa oili nazo, zikipakwa kupita kiasi, huacha utando uleule. Safisha kwa dawa ya sensa ya hewa peke yake. Petroli na kitambaa vitaukata waya huo.

Je, utajuaje uanze na mafuta au na hewa? Soma marekebisho ya mafuta kwenye skana, yaani asilimia ambazo kompyuta inaongeza au kupunguza ili mchanganyiko ukae sawa. Kati ya kutoa 10 na kujumlisha 10 usijali. Yakiwa juu gari likisimama na kushuka ukipandisha mizunguko, tafuta hewa ya wizi baada ya throtoli. Yakiwa sawa gari likisimama na kupanda kadiri mzigo unavyoongezeka, shuku sensa chafu au mafuta yasiyofika. Ukikanyaga hadi mwisho kompyuta huacha marekebisho hayo, kwa hiyo hapo soma uwiano wa hewa na mafuta. Kwenye mwendo wa kawaida ni hewa 14.7 kwa mafuta 1. Turbo ikisukuma kwa nguvu unatarajia kama 11 hadi 12. Ukiona 13 na inapanda, ondoa mguu.

Skana pia hutoa misimbo ya makosa. Msimbo P0171 unakwambia mafuta ni haba, P0172 ni mengi, P0300 silinda zinakosa moto bila mpangilio, na P0301 hadi P0304 zinataja silinda yenyewe. Hakuna msimbo hata mmoja kati ya hiyo unaosema badilisha kitu fulani. Tena magari yetu mengi yalitengenezwa kwa soko la Japani. Soketi ya kuchomeka skana inafanana na ya magari ya Marekani, lakini Subaru nyingi za zamani kidogo za Japani huzungumza lugha yao wenyewe, na kile kifaa kidogo cha bei nafuu cha kuunganisha na simu hukosa cha kusoma. Nunueni, hata kwa kuchanga watu kadhaa, kifaa kinachoelewa Subaru na kinachorekodi. Bila rekodi utamtegemea dereva akumbuke, na dereva aliyeshtuka hakumbuki namba.

Vijana wenye ekzosi kubwa, nawapenda na nasikia magari yenu kabla sijayaona. Ukifungua ekzosi bila kutyuni kompyuta, yaani kuirekebisha ilingane nayo, turbo inaweza kusukuma kupita kikomo, na kompyuta ikakata mafuta ghafla ili kuokoa injini. Unahisi kama umegonga ukuta, halafu gari linaendelea. Huko si kuharibika kwa kitu. Ni ulinzi unaofanya kazi yake. Angalieni pia mpira mwembamba unaokwenda kwenye westigeti, valvu inayozuia turbo isisukume kupita kiasi. Ukichomoka, matokeo ni yaleyale kwenye gari lisilobadilishwa chochote.

Kuhusu petroli: Impreza za turbo zilizotengenezwa kwa soko la Japani zilikadiriwa kwa mafuta yao ya okteni ya 98 hadi 100. Ukiijaza ya kawaida, sensa ya kugonga hurudisha nyuma wakati wa moto na gari linakuwa butu. Petroli ikichanganywa na mafuta taa hali ni mbaya zaidi. Serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa mwaka 2018 kwa ajili ya kuua biashara hiyo. Gari likianza kusita mara tu baada ya kujazwa mahali papya, usifungue injini siku hiyo. Maliza tangi, jaza mahali unapopaamini, ujaribu tena.

Kuna jambo ambalo sitalipita haraka, nalo ni barabara. Nimesema pimeni mlimani. Sikusema pimeni kwa mwendo wa kasi. Gia ya tatu, mizunguko 2,500 hadi 4,500, kwenye mpando mtupu, inatosha kuibebesha injini mzigo wote bila kuvunja sheria. Watu wawe wawili: mmoja anaendesha na macho yake yako barabarani, mwingine anashika skana. Geji ya mafuta ibandikwe nje ya kioo; kamwe mpira wa petroli usiingie ndani ya gari mlimoketi. Na msijaribu magari kwenye kipande cha barabara kuu cha Salgaa. Kipande kile kimetuzikia watu wetu wengi mno, tena malori hayana namna ya kukukwepa wewe unayesikiliza injini.

Jambo la mwisho ni la pesa, na nalielekeza kwa pande zote mbili. Mafundi, andikeni kupima kwenye risiti kama kazi kamili yenye bei yake, mwambieni mteja kabla hamjaanza, na mkimaliza mpeni rekodi ya kabla na ya baada. Wenye magari, kubalini kuilipa. Mmezoea kulipia spea na kutarajia kupima kuwe bure, ndiyo maana fundi anajikuta analazimika kuuza spea ili ale. Mkilipia saa mbili za skana, geji na maji ya sabuni, fundi hatakuwa na sababu ya kuwauzia pampu.

Skana, mita na kifuniko chenye valvu viko kwenye meza ile karibu na mlango, na kuna gari moja nje linalosita, limeletwa na mwenyewe kwa hiari yake. Watu wanne twende nalo kwenye mpando, wanaobaki mtasoma rekodi tukirudi. Mwenye swali aulize sasa, na mwenye rekodi yake kwenye simu aje nayo mbele tuitazame.